Kabati la gemu la saluni: ubao wa unene gani, na kwa sehemu ipi

Kabati ni la kusimama, la watu wawili kucheza bega kwa bega. Kimo chake milimita 1,700, kina 600, upana wa ndani 640. Mahali pake ni saluni ya kiume ya kupanga, Tabata, Dar es Salaam, na mwenye saluni ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Alitaka wateja wanaosubiri zamu ya kinyozi wawe na kitu cha kufanya zaidi ya kuinamia simu. Gemu zenyewe ni za zamani, zinaendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na picha inaonekana kwenye skrini bapa ya mtumba ya inchi 24. Umeme, waya, spika, joistiki na vitufe vilishapatikana. Ubishi ulianza kwenye ubao.

Fundi tuliyempelekea kazi ana karakana Keko. Aliitazama picha kwenye simu akasema, "Bosi, weka MDF ya 18 yote. Hapa watu wataegemea, watapiga hizo batani kwa hasira. Ukiweka nyembamba utarudi kwangu." MDF ni ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa na gundi, na hizo namba ni milimita za unene. Mdogo wangu naye alikuwa na hesabu zake: "Kaka, ya 12 ina bei nafuu na ni nyepesi. Fremu yenyewe nimepanga. Mwenye nyumba akiamua kuitaka, mimi nalibebaje kabati la 18?" Na maelekezo aliyokuwa ameyapakua, yaliyoandikwa na wajenzi wa Marekani, yalitaka robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, tangu kitako hadi kilele.

Mimi niliitwa kwa sababu ndiye ninayechora kabla fundi hajakata. Niliwasikiliza wote, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli. Fundi anaujua uzito wa mteja anayeegemea. Mdogo wangu anayajua maisha ya mpangaji. Wamarekani wanayajua makabati. Lakini wote walikuwa wakitafuta namba moja ya kabati zima, na hapo ndipo nilipotofautiana nao. Kabati lina mbavu (ubao wa kila upande), kitako, mgongo, mlango, ubao wa vitufe na ubao wa skrini. Kila kimoja kinabeba mzigo wake: kimoja kinashika skrubu, kingine kinapokea mkono unaopiga, kingine kinaziba tu ili vumbi lisiingie. Unene wa kila ubao ulipaswa kutoka kwenye kazi ya ubao huo.

Ile robo tatu ya inchi ilitoka wapi

Tuanze na hiyo 19, maana ndiyo iliyokuwa ikitajwa kwa heshima kuliko zote. Makabati yaliyoleta sifa kwa gemu hizi ni ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980: Space Invaders ya Taito mwaka 1978, Pac-Man ya Namco mwaka 1980, Donkey Kong ya Nintendo mwaka 1981. Ndani ya kila moja kulikuwa na skrini ya kioo kizito ya aina ile ya televisheni zetu za zamani zenye kisogo. Skrini hiyo ilishikwa na fremu ya chuma, na fremu ikafungwa kwenye mbavu za kabati. Chini kulikuwa na transfoma. Mbele kulikuwa na mlango wa chuma wa kupokea sarafu, uliotakiwa kustahimili mtu anayetaka kuubomoa. Kabati zima likipandishwa na kushushwa kwenye lori, likihamishwa kutoka baa moja kwenda nyingine. Mengi yao yalizidi kilo 100.

Kwa kazi hiyo, ubao wa milimita 19 ulikuwa na haki yake. Pia ndio unene uliopatikana kila duka la mbao la Marekani, na utepe wa plastiki wenye umbo la T unaozunguka kingo za makabati yale ulitengenezwa kuufuata. Hadi leo utepe huo unapatikana kwa wingi katika upana wa milimita 19 na 16.

Sasa angalia cha kwetu. Skrini bapa ya inchi 24 ina kilo 4 hivi. Kompyuta yenyewe inaenea kiganjani. Sarafu hakuna, kinyozi anapokea hela mkononi. Mzigo uliozaa ile 19 umeondoka, namba imebaki. Ndiyo maana sikutaka kuinakili, ingawa nawaheshimu walioiandika.

Unene, na kinachozuia ubao usipinde

Hoja ya fundi ilihitaji jibu la hesabu, kwa hiyo nilimfanyia hesabu mbele yake.

Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda unafuata unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukitoka 12 kwenda 18, unene umeongezeka mara moja na nusu, lakini ugumu umeongezeka mara 3.4. Hapo fundi alitabasamu, maana ilionekana namuunga mkono. Na kweli, hadi hapo alikuwa na haki. Ubao wa vitufe wenye upana wa milimita 640 na kina cha 250, ukiegemea pande mbili tu, halafu mtu akaukandamiza katikati kwa uzito wa kilo 30: ukiwa MDF ya 12 unashuka kama milimita 18. Ukiwa MDF ya 18 unashuka kama 5. Tofauti hiyo mkono unaisikia.

Lakini hata hizo milimita 5 ni nyingi. Mchezaji anapogonga kitufe haraka haraka, ubao unaocheza chini ya vidole unachosha, na baada ya miezi skrubu zinaanza kulegea. Kwa hiyo ya 18 peke yake haikuwa jibu pia. Na hapo bado hatujatoboa. Matundu ya vitufe yakishapita, ubao wowote unadhoofika zaidi.

Nikamwambia fundi achukue vipande viwili vya mbao ya inchi mbili kwa moja, zile za paini zinazobaki kila karakana. Tukiziranda zinabaki kama 45 kwa 20. Zisimamishe kwa upande wake mrefu, zipige gundi na skrubu chini ya ubao wa 12, moja mbele, moja nyuma, na ncha zake zikae juu ya vishikizo vilivyofungwa kwenye mbavu. Mzigo ule ule wa kilo 30 sasa unaushusha ubao kwa chini ya milimita moja. Ubao wa 12 wenye mbao mbili chini yake umeishinda ya 18 tupu zaidi ya mara tano.

Kinachofanya kazi hapo ni kimo. Mbao iliyosimama ina milimita 45 za kimo, na kanuni ile ile ya kuzidisha mara tatu ndiyo inayoipa nguvu. Bati la nyumba linajulisha jambo hili vizuri: ni jembamba, lakini migongo yake inalifanya livuke kutoka boriti hadi boriti huku fundi akilikanyaga. Bati bapa la unene ule ule lingenyong'onyea.

Fundi alikaa kimya kidogo, akachukua kipande cha MDF ya 12 kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akakiweka juu ya vigoda viwili, akakikandamiza. Akachukua mbao ya mbili kwa moja akaiweka chini yake, akakandamiza tena. "Sawa," akasema. "Lakini mbavu siwezi kukubali 12."

Kwenye mbavu alikuwa sahihi kabisa, na sababu yake ilikuwa bora kuliko alivyoieleza.

Mbavu: skrubu inahitaji nyama

Mdogo wangu alitaka mbavu zibandikwe stika kubwa yenye jina la saluni, nje pawe laini bila kichwa cha skrubu hata kimoja. Maana yake kila kitu kifungwe kutoka ndani. Unafunga mbao ya mbili kwa moja upande wa ndani wa ubavu, skrubu inapita kwenye mbao yenye milimita 20, kisha inaingia ubavuni.

Ubavu ukiwa wa 12, skrubu ina milimita 9 au 10 za kung'ata kabla ncha haijatokeza nje. Ukimbana fundi akaze sawasawa, ama inachungulia upande wa pili, ama inazunguka bure kwa sababu haina mahali pa kushika. Ubavu ukiwa wa 18, skrubu ya milimita 35 inang'ata 15 na bado inabaki akiba ya 3. Hiyo ndiyo sababu iliyoamua mbavu. Kupinda hakukuhusika sana, kwa kuwa ubavu umeshikwa na kitako chini, rafu katikati na paa juu.

Kuna pia suala la kingo. Kingo za mbavu ndizo zinazoonekana na kuguswa kuliko zote: mteja anapita na kuzisugua, mtoto anazishika. Utepe wa T unahitaji ufa wa milimita 1.6 hivi uliochongwa katikati ya ukingo kwa ruta (mashine ya kuchongea mbao), na jino la ruta la kazi hiyo fundi hakuwa nalo. Badala yake tulitumia utepe wa PVC wa kubandika wenye upana wa 22, ule wa makabati ya jikoni, ambao umetengenezwa kwa mbao za 16 hadi 18 na ziada yake inakatwa kwa kisu. Kwa hiyo namba 18 ilifuata kitu kinachouzwa hapa hapa mjini, kama vile 19 ya Wamarekani ilivyofuata cha kwao. Ningekuwa na utepe wa T wa 16 na jino lake, ningeifikiria 16 kwa moyo mweupe.

Halafu ni aina ya ubao. Fundi alisema MDF, mimi nikasema plaiwudi kwa mbavu na kitako. MDF ina uso mzuri wa kupaka rangi, hilo halina mjadala, na ni rahisi kukata kwa sababu nyuzi zake hazina mwelekeo mmoja. Lakini saluni inapigwa deki kila siku. Maji ya sabuni yanatambaa hadi kwenye ukingo wa chini wa kabati, na ukingo wa MDF unayanyonya. Ukishavimba haurudi, rangi inapasuka, na safu zinaanza kuachana kuanzia chini kwenda juu. Ongeza joto la unyevu la pwani. Plaiwudi nayo inaumia ikilowa muda mrefu, ila inastahimili zaidi, hasa ukingo wake ukizibwa. Plaiwudi ya paini inayotengenezwa huku nchini, kutoka ukanda wa Mafinga na misitu ya Sao Hill, inapatikana kwa unene wa 18 bila shida. Uso wake una vifundo na unahitaji kujazwa na kusuguliwa msasa, lakini kwa kuwa stika inafunika, tuliona kazi hiyo inabebeka.

Kuhusu kina cha milimita 600: kilitoka kwenye shiti. Shiti ya futi nane kwa nne ni 2,440 kwa 1,220. Ukiipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya 608 hivi baada ya msumeno kula sehemu yake. Mbavu mbili za 600 zinakaa bega kwa bega kwenye shiti moja, na kinabaki kipande cha 740 kwa 1,220 kinachotosha kitako na kuacha akiba. Kina kingekuwa 650, kama mchoro wa Kimarekani ulivyotaka, ingebidi kununua shiti ya pili ya 18 kwa ajili ya ubavu mmoja. Nilikata milimita 50 za kina nikaokoa shiti nzima. Skrini bapa haina kisogo, kwa hiyo hakuna kilichopungua.

Ubao wa vitufe, mahali unene ulipogeuka adui

Hapa ndipo mdogo wangu aliposhangaa zaidi. Yeye, pamoja na kutaka ya 12 kila mahali, alikuwa radhi kulipia ya 18 au hata zaidi kwa ubao wa vitufe, kwa sababu ndipo mikono inapopiga. Nikamwomba anionyeshe vitufe vyake.

Vilikuwa vya mtindo wa Kijapani, vya kusukuma na kunasa, tundu la milimita 30. Vitufe hivi vilibuniwa kwa paneli za chuma. Vina meno mawili ya plastiki pembeni yanayobonyea vikiingia, kisha yanafunguka chini na kung'ata. Yanahitaji paneli ya milimita 2 hadi 4. Ukivitia kwenye ubao wa 18, meno hayafiki upande wa pili. Yanabaki yamebanwa ndani ya tundu, kitufe kinashikwa na msuguano tu, na siku moja kinatoka na kidole. Joistiki nayo ina mpini uliopimwa kwa paneli nyembamba. Ukiifunga chini ya ubao wa 18, sehemu kubwa ya mpini inamezwa na ubao, na mchezaji anashika kichwa cha mpira kilichokaribia kulala juu ya ubao.

Vipo vitufe vya mtindo wa Kimarekani, vya tundu la milimita 28, vyenye uzi mrefu na nati pana ya kukaza kwa chini. Hivyo vinapita kwenye ubao wa 18 bila tatizo, maana vilizaliwa katika makabati ya mbao nene. Mtu anayeanza kujenga na hajanunua chochote, aamue vitufe kwanza, ubao baadaye. Mdogo wangu alikuwa ameshanunua, na vilikuwa vizuri, kwa hiyo ubao ndio uliotakiwa kuvifuata.

Njia moja ni kuchimba chini ya kila kitufe kwa ruta hadi unene ubaki kidogo. MDF iliyobaki milimita 3 au 4 chini ya mkono unaopiga kwa nguvu inavunjika, na fundi alilisema hilo kabla sijalisema. Njia tuliyochagua ni ya tabaka mbili. Juu ni bamba la chuma la milimita 2, ambalo fundi wa kuchomelea jirani na karakana alilikata, akalikunja mdomo wa mbele na kulitoboa matundu ya 30. Chini ni MDF ya 12 yenye matundu ya 40, mapana kuliko vitufe, ili meno yapate nafasi ya kufunguka chini ya chuma. Chini kabisa ni zile mbao mbili za mbili kwa moja. Joistiki imefungwa moja kwa moja chini ya chuma kwa bolti, ndani ya dirisha lililokatwa kwenye MDF, kwa hiyo mpini wake umebaki na urefu wake wote.

Mahali panapopigwa kuliko pote kwenye kabati hili, kitufe kinashikwa na milimita 2. Mdogo wangu alilikubali hilo baada ya kuegemea ubao mzima kwa viwiko vyote viwili na kuona haushuki.

Onyo moja kwa atakayefuata njia hii. Mbao za chini zichorwe pamoja na vitufe, kwenye boksi la karatasi ngumu, kwa kipimo halisi, kabla ya kutoboa chochote. Kitufe kina sehemu ya chini, waya zina kona zake, joistiki ina sahani pana. Mbao ikitua mahali pa kitufe, utalazimika kuikata, na mbao iliyokatwa katikati haina faida tena.

Sehemu zilizobaki

Ubao wa skrini, ubao wa spika, rafu, paa na mlango wa mbele vyote ni MDF ya 12. Kilo 4 za skrini hazihitaji zaidi, na MDF inapokea rangi nyeusi vizuri pembeni ya kioo.

Mlango ulileta swali dogo. Fundi alizoea bawaba za kabati za kikombe, zile zinazofichika. Kikombe chake kina kipenyo cha milimita 35 na kinachimba takriban 12 ndani ya ubao, yaani kingetoboa mlango wetu hadi nje. Wengine wangeona hiyo ni sababu ya kupandisha mlango mzima uwe wa 18. Tulitumia bawaba za kawaida za kuonekana, na kipande cha mbao nyuma ya mlango pale skrubu zinapoingia. Kwa mlango unaofunguliwa mara chache, inatosha.

Skrubu haziingii kwenye ukingo wa MDF ya 12 popote kwenye kabati hili. Skrubu ya milimita 4 inaacha milimita 4 kila upande, na MDF inapasuka kama kurasa. Vipande vyote vya 12 vimelalia mbao zilizofungwa kwenye mbavu, na skrubu zinapita usoni. Hii ilitusaidia pia kwenye suala la kuhama: mbavu zinaachana na vipande vya katikati kwa kufungua skrubu za ndani, na zile za kubeba mzigo mkubwa ni bolti na nati, ili kufungua na kufunga tena kusichakaze tundu.

Mgongo ni plaiwudi ya 6. Kazi yake ni kuziba, na kulizuia kabati lisiyumbe upande upande, kazi ambayo ubao mwembamba unaifanya vizuri ukiwa umefungwa kingo zote nne. Bila kiunzi katikati ungevuma spika ikilia, kwa hiyo una mbao moja ya kukingama. Matundu ya hewa yana wavu wa mbu, kwa sababu nywele za saluni zinaingia kila mahali na kompyuta haizipendi.

Kitako ni plaiwudi ya 18, kimeinuliwa na miguu ya mpira milimita 25 kutoka sakafuni. Kingo za chini za mbavu zimepakwa vanishi mara mbili kabla ya rangi. Ningeshauri mtu apunguze gharama mahali pengine popote kabla ya kugusa hapo.

Uzito, na hatari ya wepesi

Kabati lote lingekuwa MDF ya 18, mbao peke yake zingekaribia kilo 65. Kwa mgawanyo tuliofanya, ubao na bamba la chuma kwa pamoja ni kilo 45 hivi. Watu wawili wanalibeba, kirikuu kinalipakia, mlango wa fremu unalipitisha. Mdogo wangu alipata wepesi alioutaka, na fundi alipata 18 pale alipoipigania.

Lakini wepesi una bei yake, na hili halikuwa kwenye mazungumzo ya mtu yeyote. Kabati lenye kimo cha 1,700 na kina cha 600 tu, lenye kilo 50 pamoja na vifaa, mtu akilivuta kuelekea kwake kwa kushika ubao wa vitufe ulio kwenye kimo cha mita moja, nguvu ya kilo 15 inaanza kuinua miguu ya nyuma. Mtoto aking'ang'ania anaifikisha. Ningeweza kuongeza unene ili kuongeza uzito, lakini kilo 20 za ziada zingeisogeza hatari kidogo tu huku zikiharibu kila kitu kingine. Tulifunga vyuma viwili vya pembe nyuma, juu, na kuvikaza ukutani kwa bolti za kutanuka. Kwa saluni ambamo watoto wanakuja kunyolewa, hilo sikulijadili na mtu.

Jambo la mwisho la karakanani ni kupima. Plaiwudi iliyouzwa kama 18 ilipimwa kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) ikatoka 17.4, na hiyo ni kawaida. Ukichonga mfereji wa 18 kwenye ubavu ili kitako kiingie, kitacheza. Pima ubao ulionao mkononi kisha uchonge. Na unapokata MDF, vaa barakoa ya vumbi na fungua milango. Vumbi lake ni jembamba kuliko la mbao ya kawaida na limechanganyika na gundi ya kemikali. Nimewaona vijana wengi wa karakana wakilikata siku nzima wakiwa wamejifunga shati puani, na inaniuma, kwa sababu barakoa yenyewe haina gharama ya kutisha.

Kabati halijamaliza muda mrefu saluni, na kinyozi wa mtaa wa pili ameshamwendea fundi akitaka cha kwake, kidogo, cha kuweka juu ya meza, mchezaji mmoja, upana wa milimita 400. Fundi alinipigia simu kuuliza kama na hicho tukipasulie mbao za mbili kwa moja. Nikamwambia apige hesabu ile ile: ukifupisha ubao kutoka 640 hadi 400, kupinda kunapungua mara nne, kwa hiyo MDF ya 12 tupu inashuka kama milimita 4 na kitu kwa mzigo wa kilo 30, chini ya ile ya 18 tuliyoikataa kwenye kabati kubwa. Na juu ya meza hakuna anayeegemea kwa kilo 30. Amekata yote kwa 12, ameweka mbao moja tu mbele, pale viganja vinapolala.